UZI: Tetemeko la Januari 26, 1700. Upande mmoja wa bahari walilisimulia, upande wa pili wakaliandika, na ilichukua karibu miaka 300 habari hizo mbili kukutana

Bamvua

Wakuu salaam,

Leo naleta kisa cha tetemeko la ardhi ambalo kwa muda mrefu halikuwa na jina wala tarehe, na kwenye vitabu vya jiolojia halikuwepo kabisa. Waliotikiswa nalo hawakuwa na maandishi, wakawasimulia watoto wao. Ng'ambo ya bahari, watu ambao hawakuhisi mtikisiko wowote waliandika siku na saa maji yalipowaingilia majumbani. Kila upande ulishika nusu ya habari, na hakuna aliyejua kuwa nusu ya pili ipo.

Mahali penyewe ni pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, kuanzia Cape Mendocino kule California kaskazini, upite Oregon na Washington, mpaka kisiwa cha Vancouver nchini Kanada. Ni kama kilomita 1,000 za pwani. Chini ya bahari hapo kuna bamba la mwamba liitwalo Juan de Fuca, linajipenyeza chini ya bamba la Amerika Kaskazini kwa mwendo wa sentimita 3 hadi 4 kwa mwaka. Ukanda mzima unaitwa Cascadia.

Mwaka 1700 hapakuwa na Mzungu mwenye daftari pale. James Cook alipita 1778, George Vancouver 1792. Waliokuwepo ni wenyeji: Wamakah, Wahuu-ay-aht, Waquileute, Wahoh, Waquinault, Wachinook na wengine wengi. Watu wa bahari kwelikweli, wavuvi na wawindaji wa nyangumi kwa mitumbwi, wenye nyumba kubwa za mbao za mwerezi zilizopangwa kwenye midomo ya mito na kwenye fukwe. Kwa hiyo usiku ule walikuwa pale pale maji yalipotua.

Nianze na wanachosema wao, kwa sababu ndio mashahidi.

Mwaka 1964 mzee mmoja wa Wahuu-ay-aht, Chifu Louis Nookmis, alisimulia habari za ghuba ya Pachena, kisiwani Vancouver. Alisema ardhi ilitikisika usiku, watu wakiwa wamelala. Baadaye maji yakaja. Waliokaa ufukweni pale Pachena hawakupata nafasi ya kushika mitumbwi wala kukimbia, kijiji chote kikaisha. Waliopona ni wa nyumba iliyokuwa juu, imeegemea mlima, kwa sababu maji hayakuwafikia. Mzee alikuwa anasimulia jambo la zaidi ya miaka 260 nyuma, na alijua nyumba ipi ilikuwa wapi.

Miaka 100 kabla yake, mwaka 1864, mtu aitwaye James Swan aliyeishi na Wamakah pale Neah Bay, kwenye ncha ya jimbo la Washington, aliandika kwenye shajara yake alichoambiwa na mwenyeji wake Billy Balch. Zamani, lakini si zamani sana, maji ya bahari kuu yalipita kwenye bonde lililo kati ya kijiji cha Waatch na Neah Bay. Kwanza yalikupwa mpaka ghuba ikabaki kavu. Kisha yakapanda, bila mawimbi ya kuvunjika, yakapanda tu, mpaka nchi ikafunikwa. Wenye mitumbwi wakapakia vitu vyao na kuchukuliwa na mkondo mkali kuelekea kaskazini. Mitumbwi mingine ilishukia juu ya miti ikavunjika, watu wengi wakafa. Wengine wakajikuta mbali na kwao na hawakurudi tena.

Mtu wa pwani akisoma hapo anajua huyu anayesimulia hasimulii dhoruba. Dhoruba haikaushi ghuba kwanza.

Kwa Wahoh na Waquileute kuna masimulizi ya Ndege wa Radi akipigana na Nyangumi. Anamnyanyua kutoka baharini, anamwangusha nchi kavu, ardhi inaruka na kutetemeka, maji yanapanda juu. Ukisikiliza harakaharaka utasema ni ngano. Lakini mtikisiko na bahari kupanda vimo katika kisa kimoja, na watu hao hawakuishi karibu na mtu yeyote wa kuwafundisha jiolojia.

Naendelea, nipeni muda kidogo niandike sehemu ya matope na miti.

Mjukuu wa Kilwa

Mkuu shusha nondo, tupo. Ila nina swali mapema kabla hujaenda mbali. Kama hapakuwa na maandishi, hiyo Januari 26 imetoka wapi? Siku kamili kabisa? Hapo ndipo nataka kuelewa.

MtuWaHesabu

Nami nina shaka, naisema kwa heshima. Masimulizi ya mababu yanabadilika kila yanapopita kinywa kipya. Huyo Swan si alisema pia maji yalikupwa kwa siku nne na yalipopanda yalikuwa ya moto? Tsunami haifanyi hivyo. Ukichagua sehemu inayokubaliana na sayansi ukaacha isiyokubaliana, unaweza kuthibitisha chochote. Kila watu wana hadithi ya gharika.

Bamvua

MtuWaHesabu, hoja yako ni ya haki na wanajiolojia wenyewe walikuwa nayo. Ndiyo, siku nne zimo, na maji ya moto yamo. Hayo siwezi kuyafuta. Ndiyo maana masimulizi peke yake hayakutosha. Yalichofanya ni kumwambia mtu mahali pa kuchimba.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wengi waliuona ukanda wa Cascadia kuwa mpole. Hapakuwa na kumbukumbu ya tetemeko kubwa hata moja pale, wakadhani labda mabamba yanateleza tu bila kukwama. Mwaka 1984 Thomas Heaton na Hiroo Kanamori wakasema hapana, ukanda huu unafanana na ule wa Chile na mingine iliyowahi kutoa matetemeko makubwa mno. Mwaka uliofuata Heaton huyohuyo na Parke Snavely wakachapisha makala kuhusu shajara ya Swan, wakiuliza kama yale maji ya Neah Bay hayakuwa tsunami.

Mwaka 1986 Brian Atwater, mwanajiolojia wa taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa jiolojia, akaenda Neah Bay. Akachimba kwenye bonde lile lile la Waatch. Chini ya tope la kijivu linaloletwa na maji kujaa na kupwa, akakuta mabaki ya mmea ambao hauoti chini ya maji ya kila siku, unaota juu, kwenye nyika ya majani ya chumvi inayofikiwa na bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Maana yake ni kwamba pale palikuwa juu, kisha pakashuka.

Baada ya hapo akazunguka mikono ya bahari ya Washington kwa mtumbwi, maji yakiwa yamekupwa, akikwangua kingo za mito kwa jembe dogo. Kwenye ghuba ya Willapa, mto Niawiakum, ukingo unaonyesha habari yote kwa macho. Chini kuna udongo wa kahawia wa nyika ya zamani. Juu yake kuna tabaka jembamba la mchanga safi, ambao unatoka baharini, siyo mtoni. Juu ya mchanga ni tope la kijivu. Na kwenye sehemu nyingine majani ya nyika bado yamesimama wima ndani ya ule mchanga, mashina na yote, yalivyokuwa yanaota siku ile. Ardhi ingeshuka polepole kwa miaka, majani yale yangeoza kabla hayajafunikwa. Yalizikwa mabichi.

Kwenye mlango wa mto Salmon, Oregon, chini ya mchanga huo huo kuna majiko ya watu, mawe yaliyoungua na mkaa. Hapo ndipo nasimama kila ninaposoma habari hizi. Mtu alikuwa anakoka moto pale.

MtuWaHesabu, kila watu wana hadithi ya gharika, kweli. Lakini hii ilikuwa na jina la bonde, na bonde lilipochimbwa likatoa kitu.

Mwana wa Mikoko

Naomba mtu anieleze pwani inashukaje. Najua tetemeko linainua au linapasua. Nchi nzima kushuka mita nzima ni vipi?

Bamvua

Kwa wastani ilishuka kati ya nusu mita na mita 2 kutegemea mahali.

Mabamba mawili yanapokwama, la chini linaendelea kusukuma na kulivuta la juu. Ukingo wa bamba la juu unavutwa chini, na sehemu iliyo nyuma ya ukingo, ambayo ndiyo pwani, inabinuka juu taratibu, milimita chache kwa mwaka, kama fito unayoikunja. Hivyo kwa miaka mia kadhaa. Siku linapoachia, ukingo unafyatuka kuelekea baharini na kuinua maji yote yaliyo juu yake. Hiyo ndiyo tsunami. Na pwani iliyokuwa imebinuka inashuka wakati huohuo, ndani ya dakika chache. Kwa hiyo watu wa Cascadia walipatwa na mambo mawili, bahari ikija juu na nchi ikienda chini.

Alaska mwaka 1964 ilitokea hivyohivyo mbele ya macho ya watu. Tetemeko la ukubwa wa 9.2, na maeneo ya Girdwood na Portage yakashuka mpaka maji ya chumvi yakaingia msituni na kuua miti ikiwa imesimama. Atwater alikuwa na mfano huo mkononi alipokutana na miti ya Copalis.

Sasa swali la Mjukuu wa Kilwa. Copalis ni mto mdogo Washington, na kando yake kuna msitu uliokufa. Mierezi mikubwa, myeupe, haina majani wala gome, imesimama katikati ya majani ya chumvi. Mwerezi hauwezi kuota kwenye maji ya chumvi. Ile miti iliota nchi kavu, ardhi ikashuka nayo, mizizi ikanywa chumvi, ikafa papo hapo. Mbao za mwerezi ni ngumu kuoza, ndiyo maana mpaka leo ipo.

Vipimo vya kaboni, vya kukadiria umri wa mabaki, vilionyesha miti ilikufa kati ya miaka ya 1680 na 1720. Hiyo ni nafasi ya miaka 40, haitoshi. David Yamaguchi, mtaalamu wa duara za miti, akalinganisha duara za miti iliyokufa na za mierezi mikongwe iliyo hai juu kidogo, ambako maji hayakufika. Mwaka wa mvua nyingi duara ni pana, wa ukame ni nyembamba, na mpangilio huo ni mmoja kwa eneo zima. Tatizo ni kwamba mashina yalikuwa yamelika kwa nje, duara za mwisho zimepotea. Ikabidi wachimbe mizizi. Chini ya tope mizizi ilikuwa bado na gome lake. Duara ya mwisho kabisa ni ya mwaka 1699, imekamilika, na ya 1700 haijaanza. Majibu yao yalichapishwa 1997: miti ilikufa baada ya Agosti 1699 na kabla ya Mei 1700.

Kwa hiyo miti imetupa miezi tisa. Siku na saa zilitoka Japani.

Mjukuu wa Kilwa

Aisee. Miezi tisa kutoka kwenye mzizi. Endelea mkuu, hapa silali.

Bamvua

Japani ya wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Tokugawa, na kila mtawala wa jimbo, kila mfanyabiashara mkubwa, kila kiongozi wa kijiji alikuwa na daftari. Mwezi wa 12 wa mwaka wa 12 wa enzi iliyoitwa Genroku, siku ya 8, kwa kalenda yetu ni Januari 27, 1700, usiku wa manane, maji yaliingia kijiji cha Kuwagasaki, karibu na Miyako, pwani ya kaskazini mashariki. Watu walikimbilia vilimani. Nyumba 13 zilibebwa na maji, kisha moto ukazuka na kuteketeza nyingine 20. Maofisa wa Miyako waligawa mchele kwa waliopoteza makazi na kutafuta mbao za kujengea vibanda, na yote hayo yakaandikwa.

Kusini zaidi, Nakaminato, jahazi lililobeba karibu tani 30 za mchele wa kwenda Edo, Tokyo ya leo, lilishindwa kuingia bandarini kwa sababu ya mawimbi. Likabaki nje, upepo ukachafuka, likavunjikia miambani. Mabaharia wawili walikufa.

Ninayempenda kuliko wote ni kiongozi wa kijiji cha Miho. Maji yaliingia na kutoka mara saba tangu alfajiri hadi asubuhi kama saa nne. Aliwaambia wazee na watoto wakimbilie kwenye hekalu la kijiji. Kisha akaandika kwa mshangao kwamba hapakuwa na tetemeko lolote, na hakujua jambo hili aliite nini. Hakuwa na maelezo ila hakujitungia, aliandika alichokiona na akaandika kwamba hakielewi. Kwa uaminifu wake huo sisi leo tuna kumbukumbu.

Wajapani waliijua tsunami hii kwa miaka mingi kwenye vitabu vyao vya historia. Waliiita yatima, kwa kuwa haikuwa na tetemeko la kuizaa. Mwaka 1996 Kenji Satake na wenzake wakachapisha hesabu zao. Amerika ya Kusini hapakuwa na tetemeko kubwa lililoandikwa mwezi ule. Tsunami ya kutoka Kamchatka, kule Urusi, ingepiga kaskazini mwa Japani kwa nguvu na kusini kidogo, lakini hii ilifika kote kwa urefu wa kati ya mita 1 na 5. Chanzo kilichobaki ni Cascadia, ambako Wamarekani walikuwa wameshasema kuna tetemeko kubwa la karibu mwaka 1700.

Tsunami inavuka bahari ile kwa kama saa 10. Rudisha nyuma kutoka usiku wa manane wa Japani, geuza majira, unapata Januari 26, 1700, saa tatu usiku kwa saa za Cascadia. Na kwa maji kufika Japani kwa kimo kile, ukanda mzima lazima ulichanika, tetemeko la ukubwa wa karibu 9.

Saa tatu usiku, majira ya baridi. Chifu Nookmis alisema usiku, watu wamelala.

MtuWaHesabu

Nakubali hapo. Mzizi wa mti, daftari la Mjapani na kinywa cha mzee, vyanzo vitatu ambavyo havikuwahi kuonana vinakutana kwenye tukio moja. Hiyo si kuchagua unachotaka. Ila niulize, je, kuna mtu alijaribu kuhesabu tarehe kutoka kwenye masimulizi yenyewe, bila kutumia miti?

Bamvua

Yupo. Ruth Ludwin wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichapisha mwaka 2005 mkusanyo wa masimulizi kutoka pwani yote ile. Wakachukua yale yenye kutaja vizazi, mfano msimulizi anasema bibi wa babu yake alimwona mzee aliyeponea, wakakadiria miaka. Kila simulizi peke yake ina nafasi pana, lakini yakiwekwa pamoja wastani wake unaangukia karibu na mwaka 1700.

Na niseme wazi lisilonipendeza. Masimulizi haya yalikuwa yameandikwa tangu karne ya 19. Yalikuwa kwenye maktaba, kwenye fungu la ngano za wenyeji. Wakati huohuo miji, shule na bandari zilikuwa zinajengwa kwenye mchanga uleule, na wahandisi hawakuwa na sababu ya kuwauliza Wamakah chochote.

Binti Pangani

Asante sana mleta uzi. Mimi naomba nirudishe mjadala nyumbani kidogo, kwa sababu kilichompata kiongozi wa Miho ndicho kilichotupata sisi Desemba 26, 2004. Tetemeko lilikuwa Sumatra, huku hakuna aliyehisi kitu, jua linawaka, watu wako ufukweni siku ya pili ya Krismasi. Somalia walikufa watu karibu 300, Hafun ikiumia zaidi. Tanzania watu 10 hivi, Kenya mmoja. Sisi nasi tulipata maji yasiyo na tetemeko.

Na kuna jambo ambalo watu wengi wa kwetu hawalijui. Pangani, mwaka 2020, walichapisha utafiti wa watafiti wa nje pamoja na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walichimba karibu na mto, wakakuta tabaka la mchanga lenye mifupa ya watu ndani yake, pamoja na vipande vya vyungu na shanga, mabaki ya makazi ya Waswahili wa kale. Watu wale hawakuzikwa kwa taratibu za maziko. Umri wake ni kama miaka 1,000. Maelezo yao ni tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi, na wanaelekeza kidole ukanda wa Sumatra na Andaman.

Nimekulia Pangani na sijawahi kusikia simulizi lolote la maji hayo. Labda wazee wa Bweni au Mkwaja wanalo. Labda liko kwenye mashairi ambayo hatuyasomi kwa jicho hilo.

Bamvua

Dada, umenifanya niandike haraka kuliko nilivyopanga. Hicho ndicho kilichonisukuma kuleta uzi huu.

Miaka 1,000 ni mirefu kuliko ile ya Wamakah mara tatu na zaidi, na pwani yetu imehamwa na kuhamiwa, kwa hiyo simulizi kukatika si ajabu. Lakini bado sijaona mtu aliyekaa na manahodha na wazee wa vijiji vya pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, kwa swali hilo moja: mmewahi kusikia maji yalikupwa pasipo wakati wake? Tunawauliza habari za Waarabu, Wareno, watumwa na karafuu. Bahari yenyewe tunaiacha.

Wenye wazee hai, waulizeni. Na muwaulize pia 2004 waliona nini hasa, saa ngapi, maji yalifika wapi, kwenye mnazi upi, kwenye ukuta wa nani. Waliokuwa watu wazima siku ile wanaanza kuzeeka. Andikeni kama yule wa Miho, mlichokiona na msichokielewa.

Nahodha wa Tumbatu

Salaam kwenu. Mimi niko baharini tangu ujana. Siku ile ya 2004 maji yaliondoka yasipopaswa kuondoka. Mtu asiyejua bahari anaona samaki wanarukaruka kwenye mchanga anakimbilia kuokota. Anayejua kalenda ya maji anauliza, leo si siku ya kukupwa hivi, kulikoni? Tulijivuta juu, wala hapakuwa na redio iliyotuambia. Nitaandika yangu siku ntakapotulia, naona umuhimu wake.

Mtanga wa Tacoma

Nimekuwa nasoma kimyakimya, mimi naishi huku huku Washington. Nithibitishe tu kwamba jambo hili huku si historia. Ukienda pwani unakuta vibao vya bluu vyenye mtu anakimbia mlima na wimbi nyuma yake. Oktoba kila mwaka kuna zoezi la matetemeko, watoto shuleni wanaingia chini ya meza. Wanajiolojia wamechimba matope ya kina kirefu baharini, wakakuta alama za matetemeko makubwa ya ukanda wote kama 19 katika miaka 10,000. Mara nyingine hupita miaka 200 au 300, mara nyingine 800. Limeshapita la 1700, hesabu mwenyewe.

Swali langu kwa mleta uzi: wenyeji wenyewe leo wanafanya nini?

Bamvua

Wanahama, ndugu yangu, na wamewatangulia wengi.

Waquileute pale La Push shule yao ilikuwa mita chache tu kutoka ufukweni. Wakaidai serikali kuu ardhi ya juu, wakaipata kwa sheria ya mwaka 2012, na shule mpya ilifunguliwa huko mlimani mwaka 2022. Waquinault wana mpango wa kuhamisha kijiji cha chini cha Taholah kwenda mlimani. Kabila la Shoalwater Bay, ambako ardhi ni tambarare na mlima uko mbali, wamejenga mnara Tokeland, watu wanapanda juu maji yakija, ulikamilika 2022.

Kwa upande wa miji ya kawaida, Westport, Washington, ilikuwa ya kwanza kujenga jengo la kukimbilia juu. Wakazi walipiga kura kukubali kodi, shule ya msingi ya Ocosta ikajengwa upya mwaka 2016 ikiwa na paa la zege la kukimbilia, linabeba watu 1,000, nguzo zimeshuka ndani sana ya mchanga. Seaside, Oregon, nao walihamisha shule zao kwenda mlimani.

Muda wao ni mdogo kuliko wetu. Kutoka Sumatra kuja kwetu maji yalichukua saa saba na zaidi. Kutoka Cascadia hadi ufukwe wa Westport ni kama dakika 20 hadi 30 tangu mtikisiko kuanza, na mtikisiko wenyewe unakula dakika tatu hadi tano za hizo. Ndiyo maana huko hawafundishi watoto kusubiri king'ora. Wanafundishwa kwamba ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, inapotulia tu unapanda juu kwa miguu, na hushuki baada ya wimbi la kwanza. Miho yalikuja mara saba.

Nahodha wa Tumbatu, tunakusubiri. Ukiandika, taja saa na taja maji yalifika kwenye kitu gani ambacho bado kipo.